Burma, Gerfaut au Blacksad: uanze na albamu ipi ya noir ya Kifaransa?

Mwombe msomaji wa hadithi za picha za Kifaransa akutajie moja ya upelelezi ya kuanzia, atakwambia Blacksad kabla hujamaliza kuuliza. Si jibu baya. Ila ni jibu la haraka, kwa sababu Blacksad inapendeza hata ukiifungua katikati ukiwa umesimama mbele ya rafu, na si kila kitabu kizuri cha noir, yaani hadithi ya uhalifu yenye giza, kinajiuza hivyo. Viko vinavyoonekana vikavu ukivipekua, halafu ukivisoma usiku mmoja vinakufuata wiki nzima.

Naweka tatu mezani. Ya kwanza ni Brouillard au pont de Tolbiac, iliyochorwa na Jacques Tardi na kutoka kama albamu, yaani kitabu kizima cha hadithi ya picha, mwaka 1982, kutokana na riwaya ya Léo Malet ya 1956. Mpelelezi wake ni Nestor Burma. Ya pili ni Le Petit Bleu de la côte ouest, Tardi huyohuyo, 2005, safari hii kutokana na riwaya ya Jean-Patrick Manchette ya 1976. Ya tatu ni Quelque part entre les ombres, albamu ya kwanza ya Blacksad, ya mwaka 2000, mwandishi Juan Díaz Canales na mchoraji Juanjo Guarnido. Hawa wawili ni Wahispania, lakini kitabu kilitoka kwanza kwa Kifaransa, kwa mchapishaji Dargaud wa Paris, kwa hiyo sioni sababu ya kukinyima pasipoti.

Kuna atakayesema Le Petit Bleu haina mpelelezi. Kweli haina. Mhusika wake mkuu, Gerfaut, ni meneja wa kampuni mwenye mke, watoto wawili wa kike na gari la Mercedes. Nimeiingiza makusudi, kwa sababu wengi wanaosema wanataka hadithi ya mpelelezi huwa wanataka kitu kingine: wanataka giza lenyewe, na mpelelezi ni mtu wa kuwashikia tochi tu. Msomaji wa namna hiyo akipewa Burma atachoka na maongezi, na akipewa Gerfaut atasema hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Niseme pia ninachokiita noir, ili tusipishane. Ni hadithi ya uhalifu ambamo kumpata muuaji hakurudishi mambo mahali pake. Polisi si wasafi, mteja si mkweli, mpelelezi analipwa vibaya na kupigwa vizuri. Wafaransa waliichukua kutoka Marekani. Mwaka 1945 Marcel Duhamel alianzisha Série Noire, mfululizo wa riwaya za uhalifu, katika nyumba ya uchapishaji ya Gallimard, na kutoka hapo aina hii ikapata wasomaji wa kudumu. Lakini Malet alikuwa amewahi. Wakati wa uvamizi wa Wajerumani riwaya za Kiingereza na za Marekani zilipigwa marufuku, naye akaziba pengo kwa kuandika za kuigiza chini ya jina bandia la Frank Harding. Mwaka 1943 akamtoa Nestor Burma, Mfaransa kamili, anayetembea katika mitaa ya Kifaransa. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kujifanya yuko Chicago.

Ndiyo maana inachekesha kidogo kwamba albamu maarufu kuliko zote katika tatu hizi, Blacksad, imerudi Marekani.

Sauti kwanza, fumbo baadaye

Mimi sipimi vitabu hivi kwa ugumu wa fumbo. Katika noir fumbo ni kisingizio cha kuingia nyumba za watu. Unachokaa nacho saa zote ni sauti ya anayekusimulia, na hapo ndipo albamu hizi tatu zinapoachana kabisa.

Burma anasimulia mwenyewe. Anasema sana, anatania, anajidharau kidogo, anaudharau ulimwengu zaidi. Waliomsoma Bwana Msa na kiko chake watamwona Burma kama binamu wa mbali: naye ana kiko, ambacho bakuli lake limechongwa kichwa cha fahali. Tofauti ni kwamba Bwana Msa hukaa akafikiri mpaka fundo likalegea. Burma hutembea, hunywa, hupigwa rungu la kisogo, na fundo hulegea kwa sababu ameligonga mara nyingi. Wa upande wa Willy Gamba, wanaotaka bastola, ndege na mataifa yakipigania siri, hapa hawatapata kitu. Burma ana ofisi ndogo iitwayo Fiat Lux, katibu muhtasi aitwaye Hélène Chatelain anayemjibu bila woga, na afisa wa polisi Florimond Faroux ambaye ni nusu rafiki na nusu kero.

Gerfaut wa Le Petit Bleu hasimulii chochote. Sauti inayomsimulia iko nje yake, baridi, kama ya mtu anayeandika ripoti ya ajali. Manchette alikuwa na kanuni aliyoishika kwa ukali: usimwingie mhusika kichwani, eleza anachofanya, anachokunywa, gari gani, silaha ipi, muziki gani. Tunamkuta Gerfaut akiendesha usiku kwenye barabara ya mzunguko wa Paris, kasi kilomita 145 kwa saa, amekunywa bourbon na kumeza dawa za usingizi, redio ya gari ikimpigia jazi ya pwani ya magharibi ya Marekani, kina Gerry Mulligan, Jimmy Giuffre, Bud Shank na Chico Hamilton. Na mara moja, bila kupepesa jicho, sauti ile inakuarifu kwamba mtu huyu mwaka huo ameua watu wasiopungua wawili. Kwa hiyo swali la nani kaua limejibiwa hata kabla hujakaa vizuri kitini. Linalobaki ni jinsi mtu wa kawaida kiasi hiki alivyofika huko, na swali la pili linalouma zaidi, kama safari yote ile imembadilisha hata kidogo.

Blacksad anasimulia mwenyewe kama Burma, ila kwa uchache. Sentensi fupi, zilizovaa tai. Ni sauti ya filamu za zamani za Hollywood, ya mtu aliyeegemea ukuta wa ofisi huku mapazia yakikata mwanga vipande vipande. Inavutia, na hapa ndipo nina neno dogo la lawama. Mara nyingi sauti hiyo inasema ambacho picha imekwishasema, na picha za Guarnido hazihitaji msaidizi.

Mji unaoushika kwa mkono

Hapa Tolbiac inawaacha wenzake mbali, na kama ungeniuliza sababu moja ya kuichagua ningekupa hii.

Malet alikuwa na mpango wa kuandika riwaya moja kwa kila wilaya ya Paris. Ziko wilaya 20, yeye alifika 15. Tolbiac ni ya wilaya ya 13, na haikuchaguliwa kwa kura. Malet mwenyewe akiwa kijana, mwanarishisti (mpinzani wa serikali na mamlaka yote) asiye na senti, aliwahi kulala hukohuko, katika hosteli ya watu wasiokula nyama iliyokuwa Rue de Tolbiac. Hadithi inaanza kwa barua. Mtu anayejiita Abel Benoit, amelazwa hospitali ya La Salpêtrière, anamwandikia Burma kama mwenzake wa harakati na kumwomba afike upesi. Burma halijui jina hilo. Anapanda metro, na ndani ya behewa anagundua kuna msichana wa jamii ya Waroma, wale waliokuwa wakiitwa majipsi, anayemfuata. Msichana anaitwa Bélita. Anapofika hospitali mtu amekwisha kufa, na polisi wako hapo wakisubiri kuona nani atakuja kumuulizia. Ndipo Burma anapoonyeshwa maiti na tatuu zilizochorwa mwilini, maneno ya kianarishisti ya kumkana Mungu na bwana, na jina bandia linadondoka. Huyu ni Albert Lenantais, fundi viatu, mwenzake wa hosteli ile, karibu miaka 30 nyuma.

Kuanzia hapo hadithi ni Burma kutembea ndani ya ujana wake mwenyewe. Na Tardi anakufanya utembee naye. Novemba, ukungu, mawe ya barabara yaliyolowa, nguzo za chuma za reli ya metro inayopita juu ya barabara. Ukitazama fremu moja kwa karibu utaona hakuchora ukungu hata kidogo: amefuta. Jengo la mbele lina kila tofali, la nyuma yake lina madirisha tu bila ukuta, la tatu ni mstari wa paa, na baada ya hapo ni karatasi. Mtu akipita, koti lake ni doa jeusi na miguu haipo. Fremu nyingine hazina neno hata moja. Msomaji mwenye haraka atazivuka, na atakuwa amevuka nusu ya kitabu.

Jambo ambalo picha hizi hazikuambii ni kwamba mtaa ule ulikuwa umeanza kuondoka wakati Tardi anauchora. Kichochoro cha Hautes-Formes, alikoishi Lenantais, mwaka 1979 kilikuwa kimekwisha kupata majengo mapya ya makazi, kazi ya msanifu Christian de Portzamparc, miaka mitatu kabla ya albamu kutoka. Na kandokando ya mto Seine, karibu na daraja lenyewe, leo umesimama mji mwingine kabisa, pamoja na Maktaba ya Taifa iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1996. Mgeni wa leo akishuka pale na albamu mkononi ataonekana kama anatafuta nyumba ya marehemu.

Le Petit Bleu haina mapenzi na mahali popote. Ina barabara kuu, vituo vya mafuta, nyumba ya likizo ya kupanga, gari moshi la mizigo, kisha milima ya Alps ambako Gerfaut anaokotwa na mzee mmoja wa msituni. Ufaransa ya miaka ya 1970, iliyoshiba na kununua vitu, na Manchette anaitazama kama mtu anayehesabu samani kabla ya mnada. Tardi naye amebadilika. Miaka 23 imepita tangu Tolbiac, mstari wake ni mnene na wa haraka zaidi, kijivu cha ukungu hakina nafasi. Magari yake ni mazuri kuliko nyuso, na nadhani ndivyo alivyokusudia.

Mji wa Blacksad ni mwigo wa New York ya miaka ya 1950, na ni mzuri kupita kiasi. Guarnido alikuwa mchoraji wa filamu za vibonzo katika studio ya Walt Disney iliyokuwa Montreuil, nje kidogo ya Paris, na mkono huo unaonekana. Anajua mwili unavyoegemea, anajua uzito wa ngumi. Rangi zake ni za maji, tabaka juu ya tabaka, na mwanga wa jioni anaoupata juu ya matofali mekundu ni wa kukufanya urudi ukurasa. Lakini ni mji wa jukwaani. Umetengenezwa na sinema, si na miguu.

Wanyama wenye suti

Blacksad ni paka. Mweusi, pua na kidevu cheupe, koti refu. Kamishna wa polisi, Smirnov, ni mbwa wa Kijerumani. Tajiri aliyejificha nyuma ya mauaji ni chura. Wenye kufanya kazi chafu ni panya na mjusi. Mwigizaji wa kike, Natalia Wilford, ameuawa, na aliwahi kuwa mpenzi wa paka wetu. Ndiyo hadithi yote, na hata ukiihadithia hivi huiharibu, kwa sababu haikukusudiwa kukushangaza.

Sisi tuliokulia hadithi za sungura na fisi tunaingia humu bila kubisha hodi. Mnyama anakuja na tabia yake mkononi, hahitaji kutambulishwa, na Canales anatumia njia hiyo ya mkato kwa ustadi. Mahali pengine anaigeuza kuwa silaha. Albamu ya pili, Arctic-Nation ya mwaka 2003, inachukua ubaguzi wa rangi wa Marekani na kuuweka kwenye manyoya: wanyama weupe wa nchi za baridi, dubu na mbweha, wamejipanga kundi moja dhidi ya weusi, na paka mweusi mwenye kidevu cheupe anaingia katikati kumtafuta mtoto aliyepotea. Kwangu hiyo ndiyo albamu bora ya mfululizo, bora kuliko ya kwanza kwa mbali. Ukiamua upande wa Blacksad, nunua ya kwanza kama tiketi na ya pili kama safari. Au nunua mkusanyo wa Kiingereza wa Dark Horse wa mwaka 2010, una albamu tatu za mwanzo pamoja.

Onyo moja kwa wazazi: mtoto akiona paka na mbwa jaladani atakuomba, na mwenye duka naye huenda ameipanga rafu ya watoto. Ndani mna mauaji, damu na watu, yaani wanyama, waliovua nguo. Si kitabu cha mtoto wa darasa la nne.

Ukatili, na wa namna gani

Zote tatu zina maiti. Tofauti ni mahali kitabu kinapokuweka wakati kifo kinatokea.

Katika Le Petit Bleu kinakuweka kati ya waogaji. Gerfaut yuko likizo pwani ya Atlantiki, Saint-Georges-de-Didonne, na familia. Wiki hiyo amemwokota majeruhi barabarani, akamfikisha hospitali, akaondoka bila kuacha jina, na jambo hilo, ambalo kwake ni dogo na la kuchosha, limewafanya watu wawili watumwe kumwua. Wanamfuata baharini wakiwa na nguo za kuogelea kama kila mtu. Maji yanafika kifuani. Wanampiga tumboni, wanamzamisha. Huku na huku watu wanarushiana mpira, watoto wanapiga kelele, hakuna anayegeuka, kwa sababu kutoka mbali wanaume watatu wanaogombana majini ni wanaume watatu wanaocheza. Tardi hakubadilisha kalamu kwa tukio hilo. Jua lilelile, mistari ileile, hakuna kivuli cha kukuonya. Nimesoma kurasa nyingi za vita na damu, na bado hizo ndizo zinazonifanya nitazame nyuma ninapooga.

Burma anakufa moyo zaidi kuliko anavyoumia mwili. Tolbiac ina visu, lakini kinachokata ni uzee: wenzake wa zamani waliokuwa wanataka kuibomoa dunia, mmoja amebaki mwaminifu hadi kifo, wengine wamepata hela na jina zuri, na kuna jambo la mwaka 1936 ambalo hawataki lifukuliwe. Sitasema zaidi. Nitakachosema ni kwamba Waroma wa kitabu hiki wamechorwa kwa jicho la Mfaransa wa 1956, wenye visasi na mijeledi, na Bélita ndiye pekee aliyepewa sura kamili ya mtu. Msomaji wa leo ataliona hilo na ana haki ya kulikasirikia. Mimi nililikasirikia, nikaendelea kusoma.

Blacksad ina ngumi nyingi, risasi kadhaa, na adhabu inayomfikia anayestahili. Inaridhisha. Kwa noir, pengine inaridhisha mno.

Lugha na mahali pa kusomea

Kama unasoma Kifaransa, yaani kama uko Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura, au uliisoma shuleni ikakukaa, swali ni ugumu wa lugha. Blacksad ndiyo nyepesi kuliko zote. Kifaransa chake ni sanifu, sentensi fupi, na picha inakusaidia pale neno linapokukwama. Le Petit Bleu ni ya kati: maneno si magumu, ila visanduku vya maelezo ni virefu, maana Tardi ameiheshimu mno nathari ya Manchette hata kuibakisha kwa wingi. Tolbiac ndiyo ngumu. Burma anaongea Kifaransa cha mitaani cha miaka ya 1950, chenye misamiati ya wahuni na ya wanarishisti, na mara nyingine Mfaransa wa umri wa miaka 20 naye hukwama humo. Usiiache kwa hilo, soma tu bila kamusi mara ya kwanza. Ukungu ni sehemu ya kitabu.

Kama Kiingereza ndicho chako, zote tatu zipo. Tolbiac ilitoka kwa Fantagraphics mwaka 2017 kwa jina Fog Over Tolbiac Bridge, na Le Petit Bleu ilitangulia mwaka 2009 kama West Coast Blues. Hapa mizani inageuka. Utani wa Burma unapoteza chumvi ukivuka lugha, wakati ubaridi wa Manchette unavuka bila kuvunjika hata kikombe. Kwa msomaji wa Kiingereza, basi, Le Petit Bleu inapanda juu ya Tolbiac, jambo ambalo nisingelisema kwa msomaji wa Kifaransa.

Simu? Inategemea. Rangi za Guarnido zinahitaji karatasi au skrini kubwa, zikibanwa zinakuwa matope. Mistari ya Tardi inavumilia skrini ndogo, ila viputo vyake vimeandikwa kwa mkono na vimejaa, utakuwa unavuta picha kila fremu na mpangilio wa ukurasa utakupotea. Alliance Française za Nairobi na Dar es Salaam zina maktaba, na albamu ya kuazima inakuwezesha kujua macho yako yanapenda nini kabla ya kutoa fedha, maana albamu ya Kifaransa, jalada gumu na karatasi nzito, haiuzwi kwa bei ya gazeti la Sani.

Na kwa Wakongo wanaouliza kama kuna mtu wa kwao katika ulingo huu: yupo. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alichora mifululizo ya Eva K. na Mandrill pamoja na mwandishi Mfaransa Frank Giroud. Hiyo ni habari ya ulinganisho mwingine, lakini ukikutana na Mandrill usiipite.

Basi umpe nani ipi

Aliyezoea filamu kuliko vitabu, anayetaka kumaliza kwa kikao kimoja na kufurahia kila ukurasa: Blacksad, na asisimame kwenye ya kwanza. Ni kurasa hamsini hivi, hakuna kisingizio.

Anayesoma riwaya za uhalifu tayari, amechoka na wapelelezi wanaofanana, na hahitaji mtu wa kumpenda ndani ya kitabu: Le Petit Bleu. Akiipenda, Tardi ana nyingine mbili za Manchette, La Position du tireur couché ya 2010, ya muuaji wa kukodiwa anayetaka kustaafu, na Ô dingos, ô châteaux! ya 2011. Waliwahi pia kufanya kazi pamoja Manchette akiwa hai, katika Griffu ya 1978. Wapo watakaokusukumia Le Tueur ya Matz na Jacamon, hasa baada ya David Fincher kuitengenezea filamu mwaka 2023. Ni nzuri, ila ni mfululizo mrefu na muuaji wake anahubiri. Iache kwa baadaye.

Kila mtu mwingine, na hapa natoa kura yangu wazi, aanze na Tolbiac, ilimradi Kifaransa chake kinamudu. Ndiyo pekee kati ya tatu ambayo ina vyote: mpelelezi, mji, na jambo la zamani linalodai deni. Blacksad ina mpelelezi na rangi. Le Petit Bleu ina giza na kasi. Tolbiac ni ya polepole, na mahali pawili patatu inalegea, Burma anapoeleza kwa maneno mengi alichokwisha kukiona. Mimi namvumilia.

Ukishaimaliza, usirukie 120, rue de la Gare ya 1988 moja kwa moja. Ni nene, inaanzia kambi ya wafungwa wa vita ya Wajerumani na kupitia Lyon, nayo inafaa msomaji aliyekwisha kumzoea Burma. Casse-pipe à la Nation ya 1996 ni fupi na ya furaha zaidi, ina uwanja wa mabembea na burudani wa Foire du Trône na treni yake ya kupanda na kushuka. Na ukiwa dukani tazama jalada vizuri. Baada ya Tardi kuacha, Burma aliendelezwa na Emmanuel Moynot, kisha Nicolas Barral, kwa sura zilezile alizozibuni yeye, na jina lake limeachwa jaladani kwa maandishi madogo yanayosema kazi imefuata ulimwengu wake wa picha. Si mbaya hizo, Moynot hasa. Ila kama umeingia dukani kutafuta ukungu wa Tolbiac, hakikisha jina la Tardi limeandikwa kwa herufi kubwa.